MTOTO AKIFARIKI, NDOA INABAKI? Niliyoyaona kwenye gemu ya Bayek na Aya

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naomba mnivumilie. Posti ni ndefu, na baadhi yenu mtajiuliza imamu ameyatoa wapi mambo haya. Nataka tuzungumze habari za gemu. Sizungumzii hukumu ya kucheza, wala vibanda vinavyojaa vijana adhana ya Magharibi ikiwa inasomwa, wala wale wanaowekeana pesa mezani kabla ya kushika pedi. Hiyo ya pesa ni kamari na haihitaji darsa. Nazungumzia hadithi zilizomo ndani ya gemu, hasa hadithi za mume na mke.

Wazazi wengi tunadhani gemu ni mpira na bunduki basi. Sivyo. Ziko gemu ambazo ni kisa kirefu kuliko filamu yoyote uliyowahi kuiangalia, chenye watu wanaopendana, wanaozaa, wanaozika, wanaoachana. Mtoto wako hakiangalii kisa hicho kwa mbali. Yeye ndiye anayemtembeza yule mtu. Anapopanda farasi, kijana wako ndiye anayepanda. Anapofiwa, kijana wako ndiye aliyefiwa. Sasa niambie, nani anamfasiria yale anayoyaona? Sisi wazee tunapita tukisema "upuuzi huo", tunaenda zetu.

Sisi Waislamu ndio wa kwanza kutakiwa kujua kusoma kisa. Sura ya 12 ya Qur'ani, Suratu Yusuf, Mwenyezi Mungu mwenyewe ameieleza mwanzoni mwake, aya ya 3, kuwa ni simulizi iliyo bora kuliko zote. Ndani yake kuna mapenzi, kuna wivu, kuna mlango uliofungwa na mwanamke aliyeshindwa na nafsi yake. Na kuna kanzu. Itazame hiyo kanzu. Mara ya kwanza inaletwa kwa Nabii Yaqub ikiwa na damu ya uongo. Mara ya pili imechanwa kwa nyuma, na ule mchaniko ndio unaomtoa Yusuf kwenye tuhuma. Mara ya tatu inawekwa kwenye uso wa baba aliyepofuka kwa kulia, naye anaona. Ni nguo tu, lakini asiyeisoma nguo hiyo hajakisoma kisa. Na Yaqub alijua kuisoma. Wafasiri wanasema aliitazama ile kanzu yenye damu, akaona haikuraruliwa na meno, akajua kuwa hapa hapana mbwa mwitu.

Tushike elimu hiyo hiyo, twende nayo kibandani.

Kuna gemu inaitwa Assassin's Creed Origins, ilitoka mwaka 2017, kampuni ya Ubisoft. Imewekwa Misri ya zamani, zama za Kleopatra, karne kadhaa kabla ya Uislamu. Mtu wake mkuu ni Bayek, mlinzi wa watu katika oasisi ya Siwa. Mkewe ni Aya, mwanamke wa Alexandria. Wana mtoto mmoja wa kiume, Khemu. Siku moja watu waliovaa vinyago wanamkamata Bayek pamoja na mwanawe, na katika purukushani ya baba kutaka kumwokoa mtoto, kisu kinamuingia Khemu. Kisu kilikuwa mkononi mwa baba.

Vijana wawili wa darsa yangu ndio walionionyesha, jioni kadhaa baada ya Isha, kwenye kompyuta. Niliwauliza: mmeona nini hapo? Wakanijibu kwa pamoja: "Shekhe, anaanza kisasi." Ni kweli. Lakini kabla ya kisasi kuna jambo lingine. Mkono ule ule uliomlea mtoto ndio ulioshika kisu. Bayek hakukusudia, alisukumwa, lakini atamwelezaje mkewe? Mimi nimekaa na watu wa aina hiyo. Nimekaa na baba ambaye pikipiki yake ndiyo iliyopinduka na mtoto. Nimekaa na mama aliyemwacha mtoto karibu na jiko. Hakuna aliyekusudia, na usiku hawalali.

Basi Bayek na Aya wanawawinda wale waliovaa vinyago, ambao wamepewa majina ya ndege na wanyama. (Watoto wa kwetu kinyago hakiwatishi. Aliyepita jando anajua nyuma ya kinyago kuna mtu wa mtaa wa pili anayedai pesa ya mbegu.) Wakimuua mmoja, Bayek anadhani yameisha, warudi nyumbani. Anatokea mwingine nyuma yake. Bayek anamtaka mkewe, Aya anaitaka kazi. Wanapokutana wanapendana kweli kweli, na gemu ina sehemu za faragha yao ambapo Muislamu huinamisha macho. Kisha wanatengana tena, kila mmoja na upande wake wa vita.

Sasa tazama alama mbili. Ya kwanza ni kidole. Bayek anapewa upanga mdogo unaofichwa kwenye kiganja cha kushoto, na katika pambano moja upanga huo unamkata kidole chake mwenyewe, kidole cha pete. Baadaye wafuasi wao wanakitoa kidole hicho kama kiapo cha kujiunga. Kwetu ndoa haifungwi kwa pete, inafungwa kwa walii, mashahidi, mahari, ijabu na kabuli. Lakini waliotengeneza kisa hiki ni watu ambao kwao kidole hicho ndicho cha ndoa. Mimi nasoma hivi: silaha ya kisasi ndiyo iliyoikata ndoa. Vijana wangu walicheza mpaka mwisho wakidhani ni ajali ya vita tu.

Alama ya pili iko ufukweni, karibu na mwisho. Bayek na Aya wanasimama mchangani na wanaachana. Aya anaona kazi yao sasa ni ya watu wote, hawawezi tena kuwa mke na mume. Bayek anakitupa kidani chake cha fuvu la ndege, na umbo kinaloliacha mchangani ndilo linalokuwa nembo ya kundi lao. Baadaye Aya anaacha hata jina lake, anajiita Amunet. Kila anayependa gemu hizi anaijua nembo ile. Vijana wanaivaa kwenye fulana. Wangapi wanajua kuwa inatokana na mahali ambapo ndoa iliangushwa mchangani?

Hapo ndipo tulipobishana. Kijana mmoja alisema Aya ni shujaa, ametanguliza umma mbele ya nafsi yake. Mwenzake akasema Bayek ndiye mwenye haki, kwa sababu alitaka kurudi nyumbani na mkewe. Binti mmoja wa madrasa, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Lakini mbona hawakukaa pamoja kumlilia mtoto hata siku moja?" Wallahi nilinyamaza. Kwa sababu ndivyo kilivyo. Bayek anamlilia Khemu peke yake. Iko sehemu ambapo anazunguka kwenye duara za mawe, kumi na mbili, alizomuahidi mwanawe kuwa watakwenda kuzitazama nyota zake, na kila akifika anamkumbuka na kuzungumza naye. Sehemu nzuri kuliko zote za gemu hiyo, na mchezaji mwenye haraka anaweza kuiruka yote. Aya hayupo pale hata mara moja.

Watu wa Nachingwea na Ruangwa, mimi hili nalileta kwenu kwa sababu nalijua bila gemu. Mtoto akifariki katika nyumba zetu, matanga yanakwisha, mikeka inakunjwa, halafu yanaanza maneno. Upande wa mume unasema mama hakumwahisha hospitali. Upande wa mke unasema kwenu kuna mkono wa mtu. Anatajwa bibi, anatajwa jirani, anatafutwa mganga wa kuonyesha aliyehusika. Na mganga huonyesha, ndiyo biashara yake. Akishaonyesha mmoja, anatokea mwingine nyuma yake, kama wale wenye vinyago. Msimu wa korosho ukifika pesa inakwenda huko, na msimu unaofuata nasikia talaka. Mume na mke waliokuwa wakipendana, mtoto akawaunganisha, kifo chake kikawatenganisha, na hakuna aliyewafundisha kulia pamoja.

Sasa sikilizeni nyumba nyingine. Bi Ummu Sulaym na mumewe Abu Talha, Maswahaba, Radhi za Allah ziwe juu yao. Kisa chao kimo katika Bukhari na Muslim, amekipokea Anas, mtoto wa Ummu Sulaym mwenyewe. Mtoto wao alikuwa mgonjwa. Abu Talha ametoka, mtoto akafariki. Aliporudi akauliza hali yake, mkewe akamjibu kwa maneno ya kweli yenye upole, kwamba ametulia kuliko alivyokuwa. Akampa chakula cha usiku. Wakalala kama mume na mke. Kisha ndipo akamuuliza: watu wakiiazima nyumba fulani kitu, halafu wakakitaka, wenye nyumba wana haki ya kukizuia? Akasema hapana. Akamwambia basi taraji malipo ya mwanao kwa Allah.

Mwanamke huyu naye ametumia alama. Kitu cha kuazima. Mtoto ni amana, na mwenye amana ameichukua. Na msidhani Abu Talha alipokea kwa tabasamu. Alikasirika, hadithi inasema hivyo, na akaenda kumweleza Mtume (S.A.W.). Mtume akawaombea baraka katika usiku wao ule. Akazaliwa Abdullah. Na mtu mmoja katika Maansari akasimulia kuwa aliwaona watoto tisa, wote wameisoma Qur'ani.

Ikiweke hadithi hiyo kando ya gemu. Nyumba zote mbili zimefiwa na mtoto wa kiume. Nyumba zote mbili mume na mke wanapendana, hilo silikatai kwa Bayek na Aya. Ummu Sulaym aliubeba msiba ule peke yake kwa saa chache tu ili mumewe apumue, kisha akaufungua mbele yake, na hasira ya mume ilipelekwa kwa Mtume, haikupelekwa kwa jirani. Bayek na Aya kila mmoja aliubeba wake mpaka mwisho.

Naona tayari kuna atakayeandika: "Shekhe anatangaza gemu." Sitangazi. Gemu ile imejaa masanamu ya Misri na viapo kwa wasiokuwa Allah, na mtoto asiyejua tauhidi asiachwe nayo peke yake. Na isemwe pia kwamba nimeona wachezaji wazuri wa gemu wenye swala zao, na nimeona wasiocheza chochote wanaokaa barazani kusengenya tangu Alasiri.

Nimeona pia jambo lililonigusa kuhusu mtu aliyeitoa sauti ya Bayek. Anaitwa Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Baada ya kumsemea baba aliyefiwa na mwana, akatengeneza gemu yake mwenyewe kuhusu mwana aliyefiwa na baba, kutokana na msiba wa baba yake mzazi. Inaitwa Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024, na unaweza kuicheza ikizungumza Kiswahili. Kijana Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, vya baba yake, na anataka baba arudishwe. Anapatana na huyo wanayemwita mungu wa mauti. Hapo simama: Malaika wa Mauti ni mja wa Allah, hapatani na mtu, na hakuna mungu wa mauti wala wa vita. Lakini tazama mahali Zau anapopata nguvu. Anakaa chini ya mbuyu, anatulia, anamzungumzia baba yake, anayataja yanayomuuma. Vijana wetu wa kiume nani anawakalisha chini ya mbuyu? Baba akizikwa, kijana anaambiwa "jikaze, wewe sasa ndiye mwanamume". Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, watu wakaona, na akawaeleza kuwa ni rehema. Yaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, naye ni Nabii mwenye subira njema.

Walioniuliza kama Zau ipo kwenye vibanda vyetu: kwenye mashine za zamani haiingii. Wengi wanaiangalia kwa simu, mtu mwingine akiicheza, na bando linakwisha kabla ya Zau hajafika popote.

Kijana yule aliyemtetea Aya ameniuliza swali jana: "Shekhe, kama Bayek angekuwa muumini wa mtaa wetu, siku ya tatu ya matanga ungemwambia nini yeye na mkewe?" Nimemwambia ningojee Jumamosi baada ya Alasiri, msikitini. Wapo wazee wawili, mume na mke, waliozika watoto wao na bado wanakula sahani moja. Wamekubali kuja kukaa nasi. Wenye maswali njooni nayo, na kinamama sehemu yao itakuwa wazi.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.