Msumeno Uliokuwa Ghalani



Leo twaandika juu ya kitu ambacho wengine watakiona kidogo mno kwa ukurasa wa kwanza, nacho ni msumeno wa watu wawili. Twaomba msome hata mwisho.

Katika mvua za masika upepo mkali ulitoka ziwani usiku ukapita hapa Lundo. Uliezua mapaa mawili, ukang'oa mwembe mkubwa, nao ukalala kukingama barabara iendayo Liuli. Asubuhi wakaja vijana wanne wamemchukua mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, wampeleke hospitali ya Liuli. Gari lilikuwa likingoja upande wa pili wa mti. Sisi watumishi tulikuwapo, tumesimama, mikono nyuma. Msumeno tulikuwa nao ghalani. Huandikwa katika daftari la vifaa kila mwaka, kwa hati nzuri kabisa, wala hapana hata mmoja wetu aliyepata kuushika. Vijana wale wakampitisha katika shamba la mihogo, tope mpaka magotini. Alifika salama, Mungu ashukuriwe, lakini sisi hatuna sehemu katika shukrani hizo.

Baadaye tuliutoa msumeno, tukaanza kila mtu kusukuma kwa nguvu zake. Bamba likapinda, kisha likanasa. Ndipo alipokuja mzee mmoja achongaye mitumbwi, akatutazama kitambo, akauliza, "Wanangu, mnakata mti au mnagombana?" Akatufundisha ya kuwa kazi ya kila mtu ni kuvuta tu, akiisha kuvuta, alegeze mkono, mwenziwe avute. Akatuonyesha pia sababu ya kunasa. Gogo lililoegemea ncha zote mbili hujibana upande wa juu na kujinyosha upande wa chini, hivyo mkato ushukao kutoka juu hujifunga wenyewe na kuuma bamba. Dawa yake ni kugongomea kabari ya mti mkavu nyuma ya msumeno. Na utomvu ukigandamana na meno, hupanguswa kwa mafuta ya taa.

Watoto walikuwa wakicheza katika shimo la mizizi. Mzee aliwafukuza kwa ukali hata mama mmoja akanung'unika. Tulipomaliza mkato, kisiki, kwa kuwa kimepunguziwa uzito wa shina, kiliinuka, kikarudi shimoni kwa kishindo, kikasimama kana kwamba hakijapata kuanguka. Hapana aliyesema neno. Shule ya misheni ilitufundisha mengi, nasi twaishukuru, hilo halikuwamo.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna msumeno wa mashine. Ni kweli, nao hufanya kwa dakika chache kazi iliyotuchukua mchana kutwa. Siku ile petroli haikuwapo. Wako pia wanaonong'ona kwamba karani akishika mpini hujishushia cheo. Hao twawauliza cheo chao kilimsaidia nini yule mama.

Wala tusidhani mambo haya ni ya mahali pengine. Wenzetu wa pwani wana kumbukumbu kubwa kuliko zetu: tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, tarehe ile ile mwaka 1952 nyingine ikapiga Lindi, na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tufani za namna hiyo huishiwa nguvu nchi kavu kabla ya kufika kwetu. Upepo wetu ni wa ghafula, hupita saa moja, hauandikwi popote. Lakini miembe yetu ya ufukoni imesimama katika mchanga, na mti mmoja watosha kufunga njia.

Basi, katika mkutano ujao tutaleta hoja kwamba Jumamosi mbili kabla ya mvua wanachama wote, wakubwa kwa wadogo, wajifunze kukata, kugongomea kabari na kunoa meno kwa tupa. Mzee amekubali kufundisha. Ataka ujira wake, nasi twaona ni haki alipwe kama fundi ye yote, kwa fedha ya chama, na kutia sahihi katika kitabu.

Msumeno sasa umetundikwa ukutani, umepakwa mafuta. Ufunguo wa ghala u kwa karani wa zamu, usiku na mchana.