Jicho Haliazimwi

Siku hizi mtindo wa picha unauzwa Nairobi kama mitumba. Unaingia kwa simu, unalipa kwa M-Pesa, unatumiwa faili la priseti, na kabla chai haijapoa picha zako zote zina rangi ile ile: majani yamegeuka kahawia, anga limefifia, ngozi za watu zimekuwa za chungwa. Kisha unaambiwa ati huo ndio mtindo wako. Wako vipi, na wenzako kibao wameuvaa huo huo? Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nasema haya nikiwa ndani ya kazi. Napiga picha katikati ya jiji, na nimekaa na vijana, mmoja mmoja, tukitazama walicholeta. Hoja yangu ni fupi. Mtindo haununuliwi, na haufunzwi ukumbini mbele ya watu hamsini wanaoandika namba za lenzi. Hupatikana polepole, kazi ya mtu ikitazamwa na mtu. Na tukiuacha ulezi huo uwe anasa ya wenye pesa wa Kilimani na Lavington, tutakuwa na jiji linalopigwa picha kila dakika lakini halionekani.

Angalia picha zinazotoka hapa. Nyingi zinaona kwa macho mawili ya kuazima. Jicho la kwanza ni la huruma: mtoto kando ya mtaro Kibera, nzi usoni. Picha za Mohamed Amin kutoka Korem, Ethiopia, mwaka 1984, ziliutikisa ulimwengu, na zilistahili. Lakini yeye alikwenda kuonyesha njaa iliyokuwa imefichwa. Anayemwiga leo anakwenda kutafuta njaa kwa sababu anajua itanunuliwa. Jicho la pili ni la majigambo: KICC jioni, taa nyekundu zikichora mistari kwenye barabara ya Expressway, droni juu ya Upper Hill. Ukizitazama haraka utadhani zinapingana, kumbe zote zinamtazama mtu mmoja, naye ni mteja.

Sasa, kijana atajuaje kwamba jicho analotumia si lake? Kioo hakiwezi kumwambia. Idadi ya waliopenda picha yake ndiyo kabisa, maana hao husifu kile walichokwisha kuzoea. Anahitaji mtu wa kumuuliza maswali.

Kijana mmoja wa Kawangware aliwahi kuniletea picha kama mia mbili, karibu zote za maghorofa. Katikati yake kulikuwa na kumi na moja za mikono: makanga anakunja noti, mama wa sokoni Kangemi anamenya njegere, mzee ameshika risiti ya hospitali.

"Na hizi?"

"Aah, hizo ni za kujaribu tu, bosi."

"Kujaribu nini?"

Akanyamaza. Wiki iliyofuata alirudi na jibu. Mama yake ni fundi wa nguo, na yeye amekua chini ya meza ya cherehani, akitazama mikono. Hapo hakuna nilichomfundisha. Mtindo ulikuwa tayari kwenye simu yake, umefunikwa na maghorofa. Kazi ya mlezi ni kuondoa, si kuongeza. Darasa la watu hamsini haliwezi kuzifikia zile picha kumi na moja.

Kuna pia mambo ya ufundi ambayo mafunzo ya intaneti hayakutuwekea akilini. Kipima mwanga cha kamera hukisia kwamba dunia ni ya kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu kinaupaushia, uso huo huo ukiwa mbele ya anga jeupe kinaufanya kivuli. Zamani maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Kisha tunaambiwa tusubiri "saa ya dhahabu," kana kwamba tuko Ulaya kaskazini. Sisi tuko karibu na ikweta: jua la saa sita liko utosini, na jioni hudondoka upesi. Lakini Julai na Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu mchana kutwa, mwanga mwororo wa bure, na vijana wanaweka kamera kabatini wakisema hakuna mwanga! Mlezi wa hapa, anayesimama nawe Moi Avenue saa saba mchana, anakufunza jiji hili.

Najua nitajibiwa kwamba wakubwa walijifunza wenyewe. Wengine ndiyo. Lakini filamu ilikuwa mwalimu mkali: picha 36 kwa mkanda, na kila kosa lilikuwa na bei. Siku hizi kosa ni la bure, kwa hiyo halifunzi. Vyumba vya habari, ambako mhariri wa picha alikurudisha barabarani bila huruma, vimepunguza watu.

Nitajibiwa pia kwamba mlezi huzaa vivuli vyake. Mlezi mbaya, naam. Lakini mkumbuke Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1935. Eliot Elisofon wa jarida la Life aliiona kazi yake na kumsaidia kwenda kusoma Los Angeles. Hakugeuka Elisofon wa pili. Aliipiga picha Afrika ikijikomboa kama mtu wa nyumbani, hadi alipouawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968. Mlango alifunguliwa, lakini macho yalibaki yake.

Kwa hiyo nasema na nyinyi wenzangu mlioshiba kazi hii. Mnaotoza ada Westlands, tozeni, kazi ni kazi. Lakini mwanafunzi akitoka kwenu na rangi zenu badala ya maswali yake, mmemwibia. Na kila mmoja wetu achukue kijana mmoja kwa mwaka, bila malipo, kutoka kwa wale wanaopiga watu picha barabarani mjini huku wakichungulia kama kanjo wanakuja. Saa mbili kwa mwezi. Meza, picha zilizochapwa ndogo ndogo, na swali moja: kwa nini ulisimama hapa?

Wale vijana wanaona nyuso nyingi kwa siku kuliko sisi kwa mwezi. Tukiwaacha waendelee kuazima macho, historia ya jiji hili itaandikwa kwa rangi ya chungwa, na watoto wao watauliza watu wenyewe walikuwa wapi.