Binti Mfalme Asiyekuwa Binti wa Mfalme

Mwanachuo akipewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili habari za Princess Alice wa Uingereza, yule aliyefikisha miaka 102, neno la kwanza linalomjia ni "binti mfalme". Akiliandika tu, kashakosea. Mama huyo hakuwa binti wa mfalme, alikuwa mkwe wa mfalme. Kosa linaonekana dogo, lakini ndilo linalozaa mengine, na hapa chuoni tunalirudia kila siku: tunabeba cheo cha mtu kama tulivyokikuta, bila kuuliza kakipataje na lini.

Tuanze na jina lenyewe, maana kina Alice hawa wako watatu.

Wa kwanza alizaliwa katika kasri la Windsor tarehe 25 Februari 1883. Alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria, na cheo cha princess alizaliwa nacho. Mwaka 1917 mumewe aliacha vyeo vyake vya Kijerumani akafanywa Earl wa Athlone, naye mke akawa Countess wa Athlone, ila u-princess wake ukabaki palepale. Ndiye aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha West Indies. Alifariki Januari 1981, akiwa na miaka 97.

Wa pili naye alizaliwa Windsor, tarehe 25 Februari, ila mwaka 1885. Siku ileile, kasri lilelile! Huyu ni kitukuu wa Victoria, na ndiye mama mzazi wa Prince Philip. Aliolewa na Prince Andrew wa Ugiriki, akafariki mwaka 1969.

Wa tatu ndiye wetu wa miaka 102. Alizaliwa London siku ya Krismasi, 1901, akafariki tarehe 29 Oktoba 2004. Ukipiga hesabu unapata miaka 102 na siku 309. Hapo alikuwa ameshampita Mama Malkia Elizabeth, aliyefariki mwaka 2002 akiwa na miaka 101.

Sasa angalia: kati ya hawa watatu hakuna hata mmoja ambaye baba yake alikuwa mfalme. Kwa hiyo anayeandika "binti mfalme Alice" kakosea kwa wote watatu, na msomaji wake hajui hata anaambiwa habari za nani.

Huyu wa tatu ana somo zaidi. Alizaliwa akiitwa Lady Alice Montagu Douglas Scott. Vitabu humtaja kuwa binti wa Duke wa Buccleuch, na ni kweli, ila siku anazaliwa Duke alikuwa babu yake. Baba alirithi mwaka 1914. Novemba 1935 aliolewa na Prince Henry, mtoto wa Mfalme George V, akawa Duchess wa Gloucester. Mumewe alipofariki mwaka 1974, cheo cha Duke kilikwenda kwa mtoto wao Richard, na mke wa Richard ndiye akawa Duchess. Ili wajane na wakwe wasichanganywe, mama aliomba aitwe Princess Alice, Duchess wa Gloucester, na Malkia Elizabeth II akakubali. Yaani jina tunalomwita leo alilianza akiwa na miaka zaidi ya 70.

Kuna atakayesema: haya ya kina Malkia yanatuhusu nini sisi? Swali zuri. Kabla ya kuolewa, Alice huyu aliwahi kuishi Kenya, kwa baba yake mdogo Lord Francis Scott, mlowezi mwenye shamba Rongai, karibu na Nakuru. Mwanafunzi wa historia anayetafuta "Princess Alice" katika nyaraka za walowezi za miaka hiyo atatoka kapa, kwa sababu hakukuwa na Princess Alice Rongai. Alikuwepo Lady Alice. Na akiwa na bahati mbaya zaidi atamkuta yule wa Athlone, ambaye mumewe alikuwa Gavana Mkuu wa Afrika Kusini tangu 1924, kisha atamuunganisha na Kenya asikoishi. Hapo tasnifu nzima imeshaingia maji.

Lakini kwangu uzito uko kwingine. Maisha ya hawa yaliandikwa tangu siku ya kuzaliwa, na bado tunawachanganya. Itakuwaje kwa bibi zetu ambao hawakuandikwa popote? Tunasoma kwamba kijiji fulani kina bibi wa miaka 120, tunasambaza, tunashangilia. Nani kamuuliza alizaliwa wakati gani? Akisema alikuwa mtoto mchanga wakati wa vita vya Majimaji, hapo tuna pa kushika: ni kati ya 1905 na 1907. Tunaweza kuuliza mtoto wake wa kwanza ana umri gani, tukaangalia daftari la ubatizo kama lipo. Hiyo ndiyo heshima anayostahili mzee, kuliko namba ya kumpendezesha mwandishi.

Kwa hiyo unapokutana na cheo, iwe Princess, Profesa, Chifu au Sheikh, jiulize mwenye nacho alikipata mwaka gani na kwa njia ipi: kuzaliwa, ndoa, kazi au ombi. Mwite kwa jina alilokuwa nalo wakati unaousimulia. Linganisha tarehe kwenye vyanzo viwili ambavyo havijanakiliana, kwa sababu kudesa kutoka kwa aliyedesa si kuhakiki. Kazi yenyewe haifiki nusu saa, na simu unayo mkononi.