Aura si hukumu



Muhula huu iko zoezi moja lililoingia katika vyumba vya kulala na nyuma ya klasi. Linaitwa kuona aura. Wengine wamelitoa katika telefone, wengine katika vitabu vidogo vinavyouzwa pembeni ya barabara. Inasemwa kwamba kila mtu anazungukwa na mwangaza wa rangi: manjano ni ya akili, nyekundu ni ya hasira, nyeupe ni ya mtu safi, nyeusi ni ya mtu mbaya. Tena inasemwa kwamba yeyote akizoeza macho yake kila siku ataiona. Nataka kutoa mawazo yangu juu ya jambo hili, maana sasa si mchezo tena. Watu wameanza kuhukumiwa kwalo.

Zoezi lenyewe ni hili. Mwenzako anasimama mbele ya ukuta mweupe, pahali pasipo na mwangaza mkali. Unakaza macho juu ya paji la uso wake bila kupepesa, dakika moja ao mbili. Mwisho unaona utepe wa mwangaza pembeni ya kichwa na mabega.

Wale wanaosema wameona, mimi siwaiti waongo. Jaribu, na weye utaona. Ulizo ni hili: kile tunachokiona kinatoka wapi? Kwa yule mwenzetu, ao ndani ya macho yetu sisi?

Tukumbuke somo la biolojia. Nyuma ya jicho kuna retina, na ndani yake kuna seli za koni, aina tatu, ambazo zinapokea rangi. Ukiangalia rangi moja bila kuhamisha macho, seli zinazoipokea zinachoka na kupunguza nguvu. Ukigeuza macho kidogo kwenye ukuta mweupe, zile nyingine zinashinda, na unaona rangi ya kinyume. Nyekundu inaacha kijani chenye kuelekea bluu. Bluu inaacha manjano. Vilevile kitu cheusi kinaacha picha nyeupe, na kitu cheupe kinaacha picha nyeusi. Tena hakuna mtu anayeweza kusimamisha macho yake kabisa. Hata akijikaza namna gani, yanatikisika kidogo kidogo. Ndiyo sababu ile picha inatokea pembeni ya kichwa kama utepe. Mambo haya si mapya. Daktari mmoja wa Uswisi, Troxler, aliandika tangu mwaka 1804 kwamba mtu akikaza macho pahali pamoja, vitu vya pembeni vinafifia na kupotea.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Kichwa chenye nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe: utaona mwangaza mweupe. Shati nyeupe ya shule mbele ya ubao mweusi: utaona kivuli cheusi pembeni ya mabega. Mtu ni yule yule, roho yake ni ile ile. Kilichobadilika ni ukuta! Na kama bado una mashaka, chukua ndoo nyekundu ya plastiki, iweke mbele ya ukuta mweupe, ufanye zoezi lile lile. Ndoo nayo itapata aura ya kijani. Je, ndoo iko na roho ya namna gani?

Wengine watasema: «Hata wazungu wenye elimu wameihakikisha.» Ni kweli wako waliotafuta. Walter Kilner, daktari wa hospitali ya St Thomas huko London, alitoa kitabu mwaka 1911 akisema kwamba mtu anaweza kuiona aura akizoeza macho kwa vioo vyenye rangi ya disianini. Lakini vioo vile ndivyo vilivyochosha macho, sawasawa na zoezi letu. Mwaka 1939 Semyon Kirlian, fundi wa umeme wa mji wa Krasnodar, katika Muungano wa Sovieti wa wakati ule, alianza kupiga picha za vidole vyenye mwangaza mzuri sana. Picha zile ni za kweli, lakini mwangaza ni wa umeme mkali unaopita katika hewa, na unabadilika kufuata jasho la kidole. Hata feza ya chuma inatoa mwangaza wa namna ile.

Kati ya wote waliopima mambo haya, mimi napenda zaidi mtoto wa shule. Emily Rosa, wa Colorado katika Marekani, alikuwa na miaka 9 tu alipofanya jaribio lake kwa maonyesho ya sayansi ya shule. Aliita waponyaji 21 waliosema kwamba wanasikia kwa mikono yao nguvu inayozunguka mwili wa mtu. Aliweka kizuizi katikati, wao wakapitisha mikono yao miwili katika matundu. Alirusha feza juu ili kuchagua, kisha akasogeza mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao na kuuliza: ni upande gani? Mara 280 waliulizwa, mara 123 tu walijibu vizuri. Mtu anayebahatisha tu angepata karibu 140. Jaribio lile lilitangazwa mwaka 1998 katika gazeti kubwa la waganga wa Marekani. Mtoto wa miaka 9, kwa karatoni na feza moja, aliuliza kile ambacho wakubwa walikuwa hawajauliza.

Juu ya nini ninaandika mambo haya kwa nguvu? Ni kwa sababu ya ile rangi nyeusi. Kwanza mtu anasema kwa kucheka: «Angalia, uko na nyeusi ku kichwa!» Kesho yake wengine hawataki kulala karibu na yule mwenzao. Kesho kutwa neno la ulozi limekwisha kutamkwa. Sisi wote tunajua katika inchi yetu neno lile linampeleka mtoto wapi: nje ya nyumba ya wazazi, barabarani, bila chakula, bila masomo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mlozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inampa azabu yule anayefanya hivyo. Basi inawezekana namna gani uchovu wa macho yetu uwe ushahidi juu ya ndugu yetu?

Iko wandugu wanaotaja uso wa Musa, kwamba uling'aa aliposhuka mlimani. Vizuri. Lakini wasome tena sura ile, Kutoka 34. Haruni na watu wote waliuona mara moja wakaogopa. Hawakukaza macho dakika mbili mbele ya ukuta mweupe. Tena Samweli, alipokuwa katika nyumba ya Yese, alionywa asimpime mtu kwa kile kinachoonekana kwa macho.

Sisemi kwamba tusizoeze macho. Kuna mazoezi ya kweli. Mwende kituo cha afya mkamwangalie muuguzi. Anavuta kidogo kope la chini la mtoto: likiwa jeupe, anafikiri damu imepunguka. Anaona macho ya manjano, anafikiri ini. Anabonyeza mguu uliovimba na kuangalia nywele zilizogeuka nyekundu, anafikiri kwashiorkor. Yeye pia anasoma rangi za watu! Lakini rangi zile zinatoka katika mwili wa mgonjwa, muuguzi wa pili anaweza kuziona vilevile, na damu inaweza kupimwa. Tena anaangalia ili asaidie, hamuangalii mtu ili amtenge.

Kwa hiyo natoa shauri. Siku ya mosi alasiri tufanye jaribio mbele ya mwalimu wetu wa biolojia. Mtu mmoja atasimama nyuma ya mlango, karibu kabisa na ukingo, asionekane. Kama aura inapita mwili kwa upana wa kiganja, lazima itokeze. Tutarusha feza: mara awepo, mara asiwepo. Mwenye kuona aura atajibu mara 20. Kwa kubahatisha atapata karibu 10. Kupata 18 ao zaidi kwa bahati tu ni mara 2 katika 10.000. Yeyote atakayepata 18, na aandike yeye ukurasa huu katika toleo linalofuata, nami nitausoma kwa heshima.

Lakini mpaka siku ile, tafazali, mtu asimwambie mwenzake rangi yake.

Mwanafunzi wa klasi ya tano, Biolojia-Kemia