Watakatifu wa Werugha Wana Sura Gani?

Ukifungua Misale ya Waumini ya mama Mkatoliki wa Werugha, kwenye milima ya Taita, huenda ukakuta kipicha kilichochopekwa katikati ya kurasa: ukumbusho wa komunyo ya kwanza, Bikira Maria mweupe pe, sala fupi nyuma yake. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliingia Bura ya Taita miaka ya 1890, lakini hadi leo vipicha vingi vya aina hii vinachorwa ng'ambo. Kwa nini?

Si kwamba kazi ya kuchora na kuchapa picha kama hizo kwa bamba haiwezekani. Fundi hupaka bamba la shaba nta isiyopenywa na asidi, huchora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha hulitumbukiza kwenye asidi. Asidi hula pale tu sindano ilipopita. Wino hupakwa na kufutwa, ukabaki ndani ya mifereji, halafu karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa mashine. Bamba moja hutoa nakala nyingi, ndiyo maana hata asiye na uwezo wa kununua mchoro wa rangi aliweza kuwa na picha yake.

Rembrandt wa Uholanzi, katika karne ya 17, alitengeneza karibu mabamba 300 ya namna hii. Baadhi yalihusu Biblia, na mengine hayakuzidi kiganja cha mkono. Ombaomba, vikongwe na majirani zake Wayahudi wa Amsterdam ndio waliompa nyuso za watu wanaomsikiliza Yesu.

Nasi tukifuata mfano huo, wapo watakaosema kumpa Maria sura ya Kidawida, yaani ya Kitaita, ni kupotosha. Mbona Murang'a hawakupotoka? Mwishoni mwa miaka ya 1950, mchoraji Elimo Njau alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana huko, Yesu akiwa Mwafrika katika nchi ya Wagikuyu. Waumini wanasali chini ya picha hizo hadi leo.

Wadawida nao walijua kutunza kumbukumbu takatifu: mafuvu ya wahenga yalihifadhiwa mapangoni, na misitu mitakatifu ya fighi haikukatwa ovyo. Basi katika vipicha vyetu Familia Takatifu ikimkimbia Herode ipite ukingoni mwa msitu wa Ngangao, ukungu ukiifunika, Maria amebeba kiondo cha katani.

Asidi ikitisha, kukwaruza kipande cha plastiki ngumu kwa sindano kunatosha kwa kuanzia. Parokia na walimu wa sanaa wa Taita Taveta waanze na kipaimara kijacho: kila kijana apewe kipicha kilichochorwa na kuchapwa nyumbani.