Tuzo za Vijana wa Redio Zifike Mpanda

Mwaka 2009 Baraza la Habari Tanzania na wenzake walianzisha tuzo za uandishi bora wa habari, na watangazaji wa redio wamo miongoni mwa waliokwisha kutuzwa. Jambo hilo twalisifu. Lakini leo twapenda kuwasemea vijana wa Kashaulili, mjini Mpanda. Kijana wa huko mwenye simu ya mkononi aweza kunasa mazungumzo, akayapeleka redioni au akayaweka katika intaneti kuwa podikasti. Je, mwamuzi aliyeketi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, atamsikia?

Twaogopa kwamba atasikiliza kwanza usafi wa sauti. Sauti safi hutoka katika chumba kizuri, na chumba kizuri hutaka fedha.

Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi, kati ya wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Wasichana wale walisemwa sana katika semina (na posho zikalipwa), lakini wao wenyewe walisikika mara chache. Msichana mwenzao akiwauliza kwa upole, na jina la kila mmoja likafichwa, ataambiwa mambo ambayo bwana afya hataambiwa kamwe. Kazi ya namna hiyo ndiyo itafutiwe tuzo, hata kama jogoo anawika ndani yake.

Wazee wetu wanakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kipimo cha vipindi vile kilikuwa shimo lililochimbwa.

Basi waamuzi waje Mpanda, na kina mama na wanafunzi waketi pamoja nao. Zawadi nayo isiwe kikombe cha kuwekwa kabatini. Iwe kinasa sauti, na nafasi ya kudumu hewani.

Na ninyi ndugu zetu viongozi wa matawi, kijana akileta kipindi kinachouliza kwa nini zahanati haina dawa, msimwite mpinzani. Mwiteni mganga aje ajibu katika kipindi kifuatacho.