Himaya Isiyojua Mvua

Mwaka ni 2200. Kwenye skrini kuna nyota moja, sayari moja yenye watu, chombo kimoja cha utafiti, kingine cha ujenzi, na manowari tatu ndogo. Kwingineko kote ni giza. Ndivyo inavyoanza Stellaris, mchezo wa kompyuta wa kujenga himaya angani ambao kampuni ya Paradox ya Sweden iliutoa Mei 2016, na kwa dakika kumi za kwanza mchezaji wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, hana la kulalamikia. Muziki umetulia, nyota zinapendeza, na saa haimkimbizi mtu: mchezaji anaweza kuusimamisha mchezo atakapo, akafikiri, akamaliza kikombe chake cha chai, kisha akaendelea.

Kazi ya kwanza ni kutuma chombo cha utafiti. Hapo aliyelelewa na wafugaji lazima atabasamu. Wasomali wana neno, sahan, kwa wale wanaotangulizwa kukagua malisho na maji kabla ya familia kung'oa kambi. Sahan hurudi na habari: mvua imenyesha wapi, nyasi zimefika kiasi gani, nani ametangulia, kisima kimejaa au kimekauka. Chombo cha Stellaris nacho hupita nyota baada ya nyota kikileta habari, na utamu wa saa mbili tatu za mwanzo ni ule ule wa kumsubiri mtu aliyekwenda kutazama.

Habari zenyewe, hata hivyo, huja kwa sura nyingine. Nyota ikishakaguliwa, tarakimu hutokea kando yake: madini 4, nishati 3, utafiti 2. Zikishaandikwa zimeandikwa. Teknolojia inaweza kuziongeza, lakini nyota iliyotoa madini mwaka 2205 itaendelea kuyatoa mwaka 2400, mwezi baada ya mwezi, bila kukosa hata mara moja. Hakuna mvua za msimu wa gu zinazochelewa wala msimu wa mvua wa deyr unaopita bila tone. Sayari haina kiangazi.

Hili ndilo jambo la kwanza linalomgonga mchezaji wa kaskazini mashariki, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Kaunti ya Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, tena haigawanyiki sawa. Eneo hili likilowa, la jirani laweza kubaki vumbi. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mwishoni mwa 2023 zikaja za El Niño, zikakata barabara na kuzamisha mitaa ya kando ya mto Tana. Katika nchi kama hiyo, kuhama si tabia ya mtu asiyetulia. Ni hesabu. Anayekaa mahali pamoja ndiye anayecheza kamari. Ila weka watu hao hao kwenye ramani ambayo kila kipande chake hutoa mavuno yale yale milele, na kuhama kwao hakuna maana tena. Wataonekana wazururaji, au wezi.

Michezo ya namna hii huitwa 4X, jina lililobuniwa mwaka 1993 na mwandishi Alan Emrich alipokuwa akiwaeleza wasomaji wake kuhusu mchezo wa Master of Orion. Nyuma ya herufi hiyo kuna vitenzi vinne: kuchunguza, kujitanua, kuvuna na kuangamiza. Angalau Emrich hakuficha kitu.

Kujitanua katika Stellaris hufanywa kwa kujenga vituo. Kila mfumo wa nyota unahitaji kituo kimoja ili uhesabiwe wako, na kila kituo hulipiwa kwa mali adimu iitwayo ushawishi. Kwa kuwa ushawishi hautoshi, mchezaji hujifunza upesi kuchagua. Mfumo wenye tarakimu nono huchukuliwa mara moja. Mfumo mkavu hurukwa, au huchukuliwa kwa sababu moja tu: umekaa mlangoni, njia ya adui inapita hapo. Basi hujengewa ngome, huwekewa mizinga na kusahauliwa. Hakuna anayejenga maabara kwenye mlango wa himaya. Hata mchezaji mwenye huruma hafanyi hivyo, kwa kuwa mchezo haumlipi.

Hesabu hiyo si ngeni Garissa. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, uliochora njia ya uchumi wa Kenya huru, ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapoongeza pato zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme. Mfugaji wa Wajir au Mandera hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, lakini alikuwa na mpaka. Hivyo kwa miaka mingi sura ya serikali aliyoijua vizuri ilikuwa ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Wakazi wa kaskazini bado husema, mtu anapopanda basi la Nairobi, kwamba anakwenda Kenya. Wengine huitaja kauli hiyo kwa kicheko, ila mzaha huo umeshakula chumvi nyingi.

Kisha kuna dirisha la madai. Mchezaji hubofya mfumo wa jirani, analipa ushawishi, na mfumo huo unakuwa dai lake rasmi hata kama hana raia mmoja pale. Vita vikiisha, madai hugeuka mipaka. Wakazi hawaulizwi. Hapa ndipo Stellaris, pengine bila kukusudia, inapokuwa kitabu kizuri cha historia ya Afrika Mashariki. Mwaka 1891 Uingereza na Italia zilikubaliana kuwa mto Juba ndio mpaka kati yao. Mwaka 1915, kwa kuivuta Italia upande wake katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na washirika wake waliahidi kuifidia barani Afrika. Malipo yalipofika mwaka 1925, Jubaland pamoja na bandari ya Kismayu ilitolewa katika Koloni la Kenya ikakabidhiwa Italia, na mpaka ukasogezwa magharibi, sehemu yake kubwa ukapigwa rula. Koo zilizokuwa zikinywesha mifugo pande zote mbili zilijikuta katika himaya mbili bila kuhama hatua.

Koo hizo zilipoulizwa hatimaye, jibu halikufuatwa. Tume iliyozunguka wilaya sita za kaskazini mwaka 1962 ilikuta kwamba wengi walitaka kuungana na Somalia. Uingereza iliiacha Kenya ipate uhuru na mpaka wake vilevile, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki Desemba 1963, na haikuondolewa hadi 1991. Ndani ya miaka hiyo kuna mauaji ya Bulla Karatasi, Garissa, Novemba 1980, na ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Katika Stellaris mambo ya aina hiyo huandikwa kwenye kijisanduku chenye vitufe viwili vya kuchagua, na kijisanduku kikishafungwa hakirudi.

Ukurasa unaostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni wa haki za spishi. Kwa kila jamii iliyo chini ya himaya yake, mchezaji huamua: uraia kamili, ukaazi, utumwa, au kuhesabiwa wasiotakiwa. Kitufe kingine huamua kama jamii hiyo inaruhusiwa kuhama kutoka sayari hadi sayari. Kijana wa Stockholm anaweza kuuona kama kifaa tu cha kurekebisha uchumi. Kijana wa Garissa ameshaukuta ukurasa huo mahali pengine. Sheria za kikoloni za 1902 na 1934 ziliifunga wilaya ya mpakani ya kaskazini, kuingia na kutoka kukawa kwa kibali. Mwaka 1989 serikali iliwaita Wakenya wa asili ya Kisomali wakahojiwe uraia wao, waliokubaliwa wakapewa kadi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Kamati za kuhoji wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani ziliendelea hadi Rais William Ruto, akiwa Wajir Februari 2025, alipotangaza kuziondoa. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya wazee na maafisa akitakiwa kuwataja babu zake hawezi kubofya ukurasa ule haraka haraka.

Wahamaji nao wamo katika Stellaris? Wamo, kwa sharti. Nyongeza iitwayo Apocalypse, ya Februari 2018, ilileta makundi ya angani yasiyo na himaya, yanayovamia na kudai kodi, na ambayo siku moja huweza kuungana chini ya Khan mmoja mkuu. Ni maharamia kwa umbile. Hawana ng'ombe, hawana kisima, hawana sababu. Kenya ina neno lake kwa sura hiyo, shifta, na serikali ililitumia kwa vita vya 1963 hadi 1967 ili madai ya kisiasa yasomeke kama ujambazi. Desemba ya mwaka huo huo wa 2018 nyongeza ya MegaCorp ilileta upande wa pili: misafara ya wachuuzi wanaopita himaya hadi himaya, hawachukui ardhi, hubadilishana bidhaa na kusonga mbele. Hawa wanafanana zaidi na wale ambao ng'ombe wao hutembea kutoka Somalia hadi soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya aina yake katika ukanda huu. Kila kundi lilikuja katika nyongeza ya kulipia. Anayenunua mchezo wenyewe kwa takriban dola 40 hupata himaya. Wahamaji wakauzwa kando, kama chumvi na pilipili.

Haya yote hayaufanyi mchezo kuwa mbaya. Kwa kweli una ukarimu mmoja ambao sera za Kenya zilichelewa kuupata. Mchezaji anaweza kuanzisha jamii ambayo kwao ni jangwa. Akifanya hivyo, dunia inageuka: sayari za jangwa zinamfaa kwa asilimia 80, zile kavu za aina nyingine kwa 60, na ile ya kijani yenye misitu na mito, ambayo kila mtu aliyelelewa na vitabu vya shule angeikimbilia, inamfaa kwa asilimia 20 tu. Ghafla Kericho yenye mvua nyingi ndiyo pembezoni. Tena watengenezaji wamezipa sayari kavu fursa nyingi zaidi za kuzalisha nishati, na katika hili hawakukosea: mitambo ya jua nje kidogo ya mji wa Garissa, iliyozinduliwa rasmi Desemba 2019 na yenye uwezo wa zaidi ya megawati 50, imekuwa ikiingiza umeme kwenye gridi ya taifa. Nyota iliyorukwa 1965 sasa inawasha taa mjini.

Na kuna mahali ambapo Kenya imeupita mchezo. Himaya tegemezi katika Stellaris kwa kawaida hulipa ushuru kwenda juu, kwa mkataba. Katiba ya 2010 iligeuza mkondo: angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa hushuka kwenda kaunti, na kukawekwa Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Ucheleweshaji wa fedha hizo ni habari ya kila mwaka, lakini hata mkondo unaokwamakwama ni bora kuliko unaopanda mlima.

Mchezo huu hurekebishika. Sheria zake nyingi zimeandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, na maelfu ya wachezaji duniani huyahariri na kugawiana matoleo yao. Mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Garissa hahitaji kibali cha mtu. Anaweza kuzipa nyota misimu: mavuno yapande na kushuka, huku yajae, kule yakauke, na himaya zilazimike kupatana kuhusu njia za kupita na visima vya pamoja. Katika mchezo wa sasa chombo cha utafiti hupungukiwa na kazi galaksi ikishakaguliwa yote. Katika ule wa mwanafunzi huyo kingekuwa njiani bado mwaka 2500, kikitafuta mahali mvua ilipopiga.